Askari Wenye Macho

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuwachorea macho. Askari wenyewe walikuwa wa plastiki, wadogo kama punje ya mahindi. Mpaka leo nikisikia harufu ya rangi ya kucha, narudi chumbani kwetu Mtoni, nimeinama juu ya vizibo vya soda nilivyopaka gundi na kunyunyizia mchanga ili jeshi langu lisimame. Kila jicho nililifuta na kulirudia kwa ncha ya sindano, nimebana pumzi.

Bibi, niliyelala naye chumba kimoja, alimaliza kuswali akaja kuchungulia.

"Hao umewatia macho?"

"Madogo tu, bibi. Hata hayaonekani."

"Wewe ndiye usiyeyaona. Wao je?" Akakunja mswala. "Ukimpa macho, mjukuu wangu, siku ya Kiyama utadaiwa umpe na roho. Wafute, au watoke humu."

Nilishindwa kuwafuta. Nililia tu. Bibi akanitazama, kisha akawageuza mmoja mmoja, wakatazama ukuta.

"Haya. Wakae hivyo hivyo."

Sasa chumba ni changu peke yangu. Askari ninaowapaka rangi siku hizi siwachorei macho, na bado siwezi kuwapa mgongo.