Cherehani Mbele ya Mlango wa Mama Mkwe

Mahali tulipoitwa wakaaji wa mji, leo pamepandwa kahawa. Hakuna hata jiwe moja la msingi lililobaki. Nikipita hapo, na vijana wa siku hizi wakinieleza kwamba nchi huendelea watu wakikusanyika mijini, nawajibu sawa, sawa kabisa, kisha nashika njia yangu, maana nimechoka kubishana. Lakini kama kuna mtu aliyewahi kukusanywa, basi ni mimi. Nilikusanywa kwa lori, nikapangwa kwa kamba, nikazungushiwa handaki, halafu nikaambiwa nimeendelea. Upuuzi mtupu.

Nairobi nilikwenda kwa miguu yangu. Hakuna aliyenisukuma, ila shamba la baba lililokuwa dogo na kodi iliyokuwa kubwa. Mhindi mmoja alinifundisha kushona, akanipa cherehani kwenye baraza la duka lake, na hapo nikashona suruali za wanaume wa kila kabila. Mtu alifika mjini na shuka lake, akanunua suruali, akapata kazi, akamwandikia ndugu yake aje. Ndugu naye akahitaji suruali. Mji ulikua hivyo, mbele ya macho yangu, bila mtu kuusimamia kwa bunduki. Na kila mwaka kitu fulani kilirudi kwetu Embu: blanketi la mama, bati za nyumba, mbuzi wa posa. Mke wangu nilimwoa kwa suruali za watu.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ikipigana na wapiganaji waliokuwa msituni. Asubuhi moja askari waliuzingira mtaa wetu, wakatukalisha barabarani na kutuuliza kabila. Ukisema wewe ni Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, umejipandisha lori mwenyewe. Nilimwambia askari kwamba nimeacha suruali ya mtu kwenye cherehani, mguu mmoja umeshonwa na mwingine bado. Alinijibu kwa kitako cha bunduki. Wakubwa waliwazoa mafundi, makarani, wapishi na wachuuzi, wakawatupa vijijini, halafu nasikia walishangaa kwamba mji umezubaa. Ebo! Walidhani nani alikuwa akiuendesha, mawe?

Nyumbani sikukuta nyumba. Boma letu lililokuwa peke yake juu ya kilima lilikuwa limechomwa, kama maboma yote ya upande ule, na watu wote wa vilima vyetu walikuwa wamesukumwa mahali pamoja. Nilimkuta mke wangu akikandika udongo kwenye kibanda, watoto wakimsogezea maji. Vibanda vilikuwa vimepangwa mistari kwa kamba, mlango ukitazamana na mlango. Kuvizunguka kulikuwa na handaki refu lililosimikwa vijiti vyenye ncha, na lango moja tu lenye daraja la magogo. Lango lilifunguliwa asubuhi kwa muda mfupi, watu wakachote maji mtoni chini ya ulinzi. Ukichelewa, utakunywa kesho.

Mwenye mji huo alikuwa hedimani wetu, mkubwa wa kijiji aliyewekwa na serikali. Kabla ya kuvishwa koti la kaki, kazi yake kubwa ilikuwa kuhudhuria kesi za watu wengine. Nairobi alifika mara moja, akakaa stesheni akiogopa kuibiwa, akarudi na treni iliyofuata. Basi huyo ndiye aliyetufundisha habari za miji.

“Wazungu waliendelea kwa sababu wanakaa pamoja,” alituambia siku niliyofika, akijipiga kifua. “Nyinyi mlikuwa mmetapakaa kama mbuzi. Sasa mna mji. Mtaona maendeleo.”

Kando ya lango alikuwa amejenga safu ya maduka. Ndani mlikuwa na chumvi, viberiti, na vumbi. Zamani wanawake wa huku juu waliteremka na ndizi na nduma, wakakutana na wanawake wa kutoka Ishiara na Siakago waliokuja na mwele, kunde na asali, wakabadilishana, wakacheka, kila mmoja akarudi kwake na mzigo. Sasa hakuna aliyeruhusiwa kuteremka wala kupanda bila pasi. Hedimani aliwafungia watu ndani ya handaki, akawatoa mashambani, akawakataza njia, halafu akakaa kwenye kiti kusubiri wateja. Sijawahi kuona mtu mjinga kiasi hicho akiwa na uhakika kiasi hicho.

Aliposikia mimi ni fundi wa Nairobi, macho yalimtoka. Alikuwa na cherehani. Alikoitoa sikuuliza, kwa sababu sote tulijua nyumba za nani zilikuwa zimevunjwa.

“Fundi,” aliniambia, “utakaa hapa barazani, ushone. Bwana Shauri anakuja kila wiki, na kuna mgeni wake mkubwa atakayekuja kutoka Nyeri. Wakiona mji una fundi, watajua ni mji. Mgeni akifurahi, nitakuombea pasi urudi Nairobi.”

Sikieni hayo jamani. Ili niruhusiwe kuutoroka mji wake, ilinibidi kwanza niwaonyeshe watu kwamba ni mji mzuri. Nilikubali. Nairobi kulikuwa na kazi, na kazi ndiyo iliyokuwa imewavika na kuwalisha watoto wangu. Pasi ile niliitaka kuliko chakula.

Niliketi kwenye cherehani, nikainua uso, na mlango uliokuwa mbele yangu, hatua chache tu ng'ambo ya njia, ulikuwa wa mama mkwe wangu.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawatazamani. Si uadui, ni heshima kubwa kuliko zote. Ukimwona njiani, unajitoma kichakani naye anajifunika shuka, mnapishana bila neno. Huli mbele yake, hunywi mbele yake, humwiti kwa jina. Tulipokaa vilimani, kwake kulikuwa ng'ambo ya mabonde, na heshima hiyo haikumsumbua mtu. Ilihitaji nafasi, na nafasi tulikuwa nayo. Sasa kamba ya hedimani ilikuwa imepita, na mama wa watu alikuwa na mlango mmoja tu, nao ulifunguka usoni pangu.

Siku ya kwanza aliusukuma mlango kidogo, akaniona, akaufunga. Nikageuza kiti, nikampa mgongo. Wale homugadi, vijana wetu wenyewe waliopewa mikuki na makoti, waliona mchezo mtamu. Kila mlango ulipolia walipaza sauti, “Fundi, mkweo huyo! Geuka umsalimie!” Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama akarudi ndani. Nilijaribu kuingia dukani lango linapofunguliwa, lakini duka lilifungwa kwa kufuli, na hedimani alinitaka barazani, mahali pa kuonekana. Nilimsihi anihamishie upande mwingine wa safu. Akasema mji una mpango, na mpango hauvunjwi kwa mambo ya kishenzi. Na yeye mwenyewe alikuwa na mama mkwe! Kibanda cha mkwe wake huyo alikiweka mwisho kabisa wa mstari, mlango ukitazama porini.

Mke wangu alimpelekea mama yake maji, akagawa kibuyu chetu ambacho hakikututosha. Halafu watu wakaona mama anatoka. Alikuwa ametoboa ukuta wa nyuma, tundu la kutosha mwanamke kupita kwa magoti. Alitambaa na kibuyu chake, mtu mzima, mama wa watoto waliokuwa na watoto, akazunguka nyuma ya vibanda hadi langoni. Niliposikia, niliona aibu. Lakini sikuondoka barazani. Nilijiambia mgeni atakuja, pasi itatoka, nitaondoka zangu, naye atafungua mlango wake.

Mgeni hakuwa amefika bado homugadi walipoliona tundu. Walimtoa mama kwa kumvuta mkono. Hedimani akasimama mbele ya watu wote na kutangaza kwamba tundu hilo ni la kupitishia chakula cha watu wa msituni. Hakuna mtu pale, hata mtoto, aliyekuwa hajui sababu ya tundu lile. Yeye aliijua kuliko wote. Siku hizo neno kama hilo lilitosha kumpeleka mtu kizuizini, na kizuizini wengine hawakurudi.

Bwana Shauri, yule Mzungu wa serikali aliyesimamia wilaya, alikuwepo siku hiyo. Nilimwendea mwenyewe, kofia mkononi, nikamweleza desturi yetu, uso wangu ukitazama chini kwa sababu mama alikuwa amekaa mavumbini nyuma yangu.

Alicheka. Hakucheka kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Alicheka kama mtu aliyesimuliwa kisa cha watoto.

“Hapana shauri,” alisema kwa Kiswahili chake. “Mama tazoea. Kwetu Ulaya watu yote naona jirani yake. Hii ndio mji. Leo yeye taziba tundu. Kesho tapita mlango, tafanya kazi na watu ingine.”

Hedimani akaongeza lake alipobaki nasi. Tundu likionekana tena, kizuizini. Asipojitokeza kesho kwenye kazi ya lazima ya kijiji, atahesabiwa kuwa ni wa msituni, kizuizini. Na mimi kesho niwe barazani mapema, nimevaa shati safi, kwa sababu mgeni wa Nyeri anafika. Akatoa mfukoni karatasi ya pasi, akanipepea nayo usoni. Ilikwisha kutiwa sahihi, ilibaki muhuri wake tu.

Jioni nilimsikia mama mkwe akiziba tundu. Udongo ulipigwa ukutani, pa, pa, pa, kwa mkono ulionilelea mke. Mke wangu alikaa na sufuria magotini, hapiki.

“Baba watoto,” akasema, “mama hatapita mbele yako. Namjua. Atakaa ndani mpaka wamchukue.”

“Na Nairobi?” nikamuuliza. “Tutakula nini hapa? Vumbi la hedimani?”

“Mimi sijasema neno juu ya Nairobi,” akanijibu kwa ukali, na akawasha moto.

Nilikasirika na kila mtu. Nilimkasirikia hedimani na kamba yake, na yule Mzungu na kicheko chake. Nilimkasirikia hata mama mkwe, Mungu anisamehe, na shingo yake ngumu, maana macho tu yangemfanya nini? Lakini nilijua yangemfanya nini. Walikuwa wamemnyang'anya boma, shamba, soko, na njia ya kwenda kwa dada yake. Kitu pekee alichobaki nacho ni kwamba mkwe wake hajapata kumwona uso. Hicho nacho walitaka nimnyang'anye mimi, kwa malipo ya karatasi.

Asubuhi niliivalisha cherehani kitambaa chake. Nikaenda langoni kwa kundi la kuchimba handaki, nikaomba jembe. Homugadi aliyesimama pale hakuamini.

“Fundi, umechanganyikiwa? Rudi barazani!”

Hedimani alikuja mbio, koti wazi. Alinitukana kwa Kiswahili, kwa Kiembu, na kwa maneno aliyodhani ni Kiingereza. Alisema nimeuharibu mji. Nikamwambia kama mji unaharibika kwa sababu mtu mmoja ameinuka kitini, basi haukuwa mji, kilikuwa kiti tu. Akaichana pasi mbele yangu vipande vipande, akavirusha handakini, akasema nivifuate. Nikavifuata.

Handaki lilikuwa na kina kunipita kichwa. Nilichimba chini ya daraja, na tope lilikuwa baridi. Lango likafunguliwa, na wanawake wakaanza kuvuka juu yangu kwenda mtoni. Nikasikia sauti ya mke wangu ikisema, “Mama, pita, hakuna mtu barazani.” Nikaugeukia ukuta wa udongo. Hakuna aliyepiga kelele ya kunichokoza, kwa kuwa kutoka juu hakuna aliyeniona. Magogo yalilia kidogo, akapita, amesimama wima, kwa miguu yake.

Waliporudi, hatua moja ilisimama ukingoni, juu kabisa ya kichwa changu. Nikasikia kibuyu kikiwekwa chini, na sauti ambayo sikuwa nimewahi kuisikia ikisema, si kwangu, bali kwa binti yake, “Mwambie mwenye kuchimba kwamba kuna maji.” Akaenda zake haraka ili niweze kunywa.

Niliinua mkono bila kuinua uso, nikakipata kibuyu. Nilikuwa bado nakunywa wakati viatu vya ngozi vilipokuja darajani. Alikuwa ni mgeni wa Nyeri anaondoka, na hedimani pembeni yake akitafsiriwa na karani. Mgeni aliuliza kwa nini hakumwona yule fundi aliyesimuliwa habari zake.

“Fundi wetu?” hedimani akasema, bila hata kumeza mate. “Mji huu umemwendeleza sana, Bwana. Amekwenda Nairobi.”