Taa ya Birika

Gari la mume wangu lilikaa mwaka mmoja na miezi miwili bila kuwashwa. Ni pikapu kuukuu ya petroli. Aliiacha chini ya mti wa makadamia kando ya nyumba yetu, hapa juu ya Nkubu, pua ikitazama bondeni. Kwetu kila mwenye gari kuukuu huliegesha hivyo. Betri ikikataa asubuhi unaliachilia literemke, unaingiza gia, nalo linawaka. Baada ya mazishi nililifunika kwa turubai na kuweka mawe kwenye pembe. Makadamia zilipoanguka juu ya turubai nilikuwa nainua kichwa jikoni, kama mtu aliyeitwa.

Mvua ilipokatika, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, alikuja akalizunguka gari mara mbili. Ni mtu mwema. Tangu nibaki peke yangu, yeye ndiye hunipogolea kahawa.

"Shemeji, hii gari inaoza," aliniambia. "Jumapili baada ya ibada nitakuja na wanaume wa kanisa tuisukume mpaka iwake. Ikikataa, kuna mtu Makutano ananunua vyuma chakavu."

Nilimwambia haiwezi kusukumwa, injini imekauka. Akacheka, akauliza nimekuwa fundi tangu lini.

"Ndugu yako hangekubali," nikasema.

"Ndugu yangu hayuko, shemeji."

Halafu akatazama viatu vyake. Alimaliza chai, na alipoondoka aliniaga mara mbili.

Mimi nilisoma mpaka darasa la nane tu, na mambo ya magari sikufundishwa na mtu ila mume wangu. Lakini hilo moja nililijua. Injini ikikaa muda mrefu, oili yote hushuka chini, vyuma vya juu vikabaki vikavu. Ukiiwasha hivyo, vinasagana kabla oili haijavifikia. Ukiisukuma mlimani ni vibaya zaidi, kwa sababu inawaka ghafla na uzito wote wa gari unaikokota. Yeye alikuwa akisema mtu akiamka hupewa chai kwanza, ndipo anapewa jembe.

Na injini hiyo ilikuwa kazi yake. Mwaka mmoja kabla hajaugua aliifungua yote juu ya magunia, akaosha kila chuma kwa mafuta ya taa katika beseni langu la kufulia, akaifunga tena mwenyewe. Ikisagika, mtu wa Makutano angeipima kwa kilo pamoja na milango. Sikuweza kuvumilia hilo. Nilikuwa na siku sita.

Nilifungua betri nikaipeleka Nkubu kwa bodaboda ikachajiwe. Nikanunua oili mpya na petroli kidogo katika mtungi. Oili ya zamani niliimwaga kama nilivyomwona akifanya, nimelala chali kwenye majani makavu, nyingine ikinimwagikia kwenye kiwiko. Nikaweka mpya, nikapima kwa kijiti mpaka ikafika alama ya juu.

Kilichobaki ndicho kilichonisumbua, kwa sababu nilijua ni kazi ya watu wawili. Gari likikaa hata wiki mbili, mume wangu alikuwa akiniita. Alichomoa ule waya mnene wa koili ili moto usifike kwenye plagi, kisha akasimama mbele, boneti ikiwa wazi. Mimi nilikaa kwenye kiti cha dereva. Akisema "zungusha," nilizungusha ufunguo, injini ikajizungusha bila kuwaka huku ikivuta oili juu. Nilihesabu mpaka kumi, nikaachilia stata ipumzike, nikaanza tena. Kazi yangu ilikuwa kuangalia taa nyekundu yenye picha ambayo mimi niliiita birika. Ikizimika maana yake oili imepanda na ina nguvu. Hapo nilipaza sauti, "Imezima." Naye alijibu, "Haya," akarudisha waya, nami nikawasha.

Nilinung'unika sana kuhusu kazi hiyo. Siku moja nilimwambia atafute mtu mwingine, nina maziwa motoni. Hakutafuta. Alikaa kwenye ngazi ya jikoni mpaka maziwa yakachemka, nikayaipua, nikafuta mikono, ndipo akainuka.

Jumapili ile sikwenda kanisani. Nilimwambia jirani kwamba kichwa kinaniuma, na haikuwa kweli. Nilifikiria kumwomba abaki anisaidie. Lakini angesimama pale mbele, mahali pake, na sikutaka mtu asimame pale.

Nikatoa turubai. Nikarudisha betri, nikahakikisha gari haliko kwenye gia na mawe yako mbele ya magurudumu. Nikachomoa waya wa koili nikauweka kando, mbali na chuma, kama alivyokuwa akifanya. Kisha nikaingia nikakaa. Kiti kilikuwa kimepata ukungu.

Nilizungusha. Injini iligeuka kwa shida, ikinguruma kama mtu anayekataa kuamka. Birika lilibaki jekundu. Nikahesabu kumi, nikapumzika. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tatu, hakuna. Mara ya tano nilianza kuogopa kwamba pampu ya oili imekufa, au betri itaisha kabla, na wanaume wako njiani. Nikasubiri muda mrefu kidogo, mikono juu ya usukani. Mara ya sita, nilipohesabu saba, birika likafifia, likarudi, likazimika kabisa.

"Imezima," nikapaza sauti.

Nikangoja.

Boneti ilikuwa wazi mbele yangu. Chini yake kuna upenyo mwembamba, na kupitia upenyo ule niliona majani ya kahawa. Hapo ndipo miaka yote nilikuwa nikiona macho yake na kipande cha paji la uso. Nikatazama ufunguo uliokuwa mkononi mwangu. Nikatazama taa, iliyokuwa shibiri moja kutoka kwenye ufunguo. Nikajiuliza alikuwa akifanya nini pale mbele. Waya ukishachomolewa haushikwi na mtu. Anayezungusha ndiye huyo huyo anayeona taa. Labda alikuwa akisikiliza kitu nisichokijua mimi. Siwezi kumuuliza. Lakini nilikuwa nimefanya kazi yote, na hapakuwa na mahali popote ilipomhitaji mtu wa pili.

Nililia, ingawa si sana. Kisha nikashuka, nikarudisha waya, nikamimina petroli kidogo kwenye kabureta, nikawasha. Ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Birika halikurudi.

Walipofika, wanaume wanne walikuwa wameshavua makoti yao langoni, tayari kusukuma. Wakasimama nayo mikononi. Shemeji yangu aliinamisha sikio juu ya injini, akasikiliza mpaka moshi ukaisha, akafunga boneti taratibu kwa mikono miwili.

"Hii haiendi Makutano," alisema. Halafu akaniuliza nilisaidiwa na nani.

Nikamwambia hakuna. Ni kazi ya mtu mmoja.

Alitazama kiti cha dereva, akatazama mbele ya gari. "Lakini alikuwa anakuita kila mara," akasema. "Nilidhani ni ya watu wawili."

"Hata mimi," nikasema, nikaingia jikoni kuwawekea chai.