Jicho Moja kwenye Balbu

Juzi mtoto wa kaka yangu alinionyesha simu yake kwa majigambo. Mtu wake kwenye gemu alikuwa amepanda levo kibao usiku kucha huku yeye mwenyewe amelala, maana siku hizi gemu linajicheza. Nikamuuliza, "Amewahi kufa?" Akacheka. "Hafi, shangazi. Nimemweka sehemu salama." Nilimhurumia, wallahi, na nikaikumbuka Nachingwea yetu.

Miaka ile ya elfu mbili tulikuwa na kafe ya intaneti karibu na soko, chumba chenye kompyuta chache, joto kali na harufu ya petroli ya jenereta. Gemu letu lilichezwa na watu wa dunia nzima, na halikuwa na huruma: ukifa, unashushwa levo ulizozitolea jasho. Kwa hiyo wavulana wa shuleni kwetu walikaa langoni mwa mji wakiua panya. Levo zilipanda taratibu na hakuna aliyeumia. Mimi nilikwenda kinamasini, kwenye mamba. Mwenye kafe, mfanyabiashara aliyehamia kutoka Moshi, alinisikitikia. "Binti, umeme wa hapa hauna adabu. Kaa na panya wako."

Hakukosea. Umeme ukikatika, mtu wako anabaki amesimama kinamasini peke yake, na mamba hawasubiri. Nilikufa hivyo, nikalia, nikarudi tena. Ndipo nikajua kwamba nyuma ya jiwe kubwa kuna ufa ambao mamba hawaingii, na kwamba umeme wetu kabla ya kukatika hufifisha balbu kwanza. Nikawa nacheza jicho moja kwenye kioo, jingine kwenye balbu.

Kwa bibi, kijijini Chiola, nako kulikuwa na levo zake. Msimu wa korosho mdogo huokota, akikua kidogo hubangua, na mkubwa tu ndiye hushika fimbo ya kukorogea korosho kwenye debe motoni, maana mafuta ya ganda yakiruka yanababua ngozi. Niliitamani mno fimbo ile. Bibi akiniona naikodolea macho husema, "Wewe okota tu, mjukuu wangu. Moto hujaujua."

Siku niliyopambana na mamba mkuu, mkubwa kuliko wote kinamasini, wavulana wote walisimama nyuma yangu. Walikuwa na levo kama zangu, ila za panya, na mamba alishawatafuna mmoja mmoja. Nimemchosha nusu, balbu ikafifia. Nikakimbilia kwenye ufa. Giza! Mwenye kafe akahangaika na jenereta. Levo zangu zote zilikuwa mle kinamasini. Kompyuta ilipowaka tena, mtu wangu alikuwa hai, kajibanza. Nikamtoa, nikammaliza yule mamba. Kelele tulizopiga zilisikika hadi sokoni.

Nilipomsimulia bibi, hakuelewa gemu ni kitu gani. Aliuliza tu, "Ulikimbia?"

"Nilijibanza, bibi, halafu nikarudi."

Akanipa fimbo.

Sasa kafe ile inauza makava ya simu, na gemu lilishafungwa, mtu wangu akapotea na levo zake. Hata debe la bibi halipo. Korosho zinakwenda ghalani na maganda yake. Nilimsimulia mtoto yule haya yote, nikamwonyesha kovu la kidole gumba, nililolipata siku ya kwanza ya fimbo, nami nalijivunia mpaka leo. Akaligusa. Kisha akachukua simu, akamtoa mtu wake kule sehemu salama.

"Shangazi," akasema, "njoo ukae hapa uniangalizie."