Chupa Isiyo na Kizibo cha Bati

Kwetu Uvira, mji wa kando ya ziwa, hakuna anayekunywa bia iliyofunguliwa mahali asipopaona. Mhudumu wa baa hahitaji kuelezwa: analeta chupa ikiwa imefungwa, anaiweka mbele ya macho yako, anang'oa kizibo cha bati, na kizibo chenyewe anakuachia mezani ili ukitoka nje kidogo uifunike chupa yako. Mgeni akituona anadhani tunaogopa nzi. Tunaogopa watu. Mtaani kwetu Kasenga kulikuwa na baba mmoja aliyerudi kutoka harusini ameshika tumbo, ikasemwa ni sumu, na hadi leo akitajwa, kila mtu anaivuta glasi yake karibu.

Nyumbani, ambako pombe haina kizibo, anayekupa ndiye anayeonja kwanza. Mama yetu alitengeneza kasiksi, pombe ya ndizi, na sikuwahi kumwona akimpa mtu kikombe kabla yeye mwenyewe hajapiga funda moja mbele yake. Alionja, akapangusa ukingo kwa kiganja, akakitoa kwa mikono miwili. Nilikua nikidhani dunia nzima inafanya hivyo.

Kaka yangu mkubwa, ambaye kwa desturi ya kwetu nilimwita yaya, alivuka ziwa vita vya kwanza vilipotufikia. Alikuwa kijana ambaye hata ndevu hazijamtoka vizuri. Akapotelea upande wa Kigoma, kisha baada ya muda mrefu tukasikia yuko Ujerumani. Mama alikufa yeye akiwa huko, bila ruhusa ya kusafiri, na tukamzika bila yeye. Papa, baba yetu, alikuwa fundi seremala, mtu wa maneno machache hata siku za furaha, na jambo hilo hakuligusa kabisa. Ukimya wake tukaujaza sisi wenyewe. Tukasema ana hasira na yaya, na kwa kuwa hakuna aliyemuuliza, ikawa kweli.

Miaka ikapita, bunduki zikanyamaza kidogo, na yaya akaja kututembelea. Alirudi mnene, amevaa miwani, anafunga milango polepole kana kwamba inaumia. Kazi yake huko ilikuwa katika kiwanda kidogo cha bia, kidogo kweli: mapipa machache nyuma ya baa, na watu wanakunywa huku wakiona inakopikiwa. Sanduku lake lilijaa chupa zilizoviringishwa ndani ya sweta. Mimi nilikuwa nimetegemea viatu, kusema ukweli, na nadhani uso wangu ulinisaliti.

"Hii njo kazi yangu," aliniambia jikoni, akinyanyua chupa moja. "Minye mwenyewe nilipika."

Haikuwa na kizibo cha bati. Ilikuwa na kizibo cha kauri kilichoshikwa na waya, ukikisukuma kwa dole gumba kinaruka, ukitaka unakirudisha na kuifunga tena. Akanieleza kwamba ni bia ya kizamani ya mji anaoishi, rangi yake kama chai isiyo na maziwa. Wanaiacha ichachuke kwenye joto, kisha wanailaza kwenye baridi kwa majuma mengi mpaka itulie. Nikamwambia sisi hapa tungeimaliza ingali inachemka. Akacheka, na kicheko kilikuwa cha Mama kabisa, hata nikageukia sufuria yangu ya sombe, majani ya muhogo.

Umeme haukuwepo, kwa hiyo chupa zilikaa kwenye beseni la maji. Yaya alifungua moja hukohuko jikoni, maana barabara ilikuwa imezitikisa na aliogopa bia itaruka hadi kwenye shati la Papa. Akaimimina akiinamisha glasi, akangoja povu litulie, akamimina tena. Nilipenda kumtazama. Mikono yake ilikuwa kama ya Papa alipopima mbao. Kisha akaichukua glasi na chupa hadi sebuleni, akaviweka mbele ya Papa, akarudi nyuma na kusimama.

Papa akaitazama glasi. Akaitazama chupa, na ule waya uliokuwa ukining'inia shingoni mwake.

"Ilifunguliwa wapi?"

"Mu jikoni, Papa."

"Na weye hunywi?"

"Minye niko nangoya. Papa anywe kwanza."

Kule kwenye kiwanda chake, aliniambia baadaye, mpishi wa bia hagusi glasi yake mpaka mgeni anywe na kusema neno. Yaya alikuwa anampa baba yake heshima kubwa kuliko zote alizokuwa amejifunza ugenini. Papa akasema, "Kichwa iko inaniuma," akainuka, akaenda kulala mchana kweupe. Tukabaki tunalitazama povu likishuka ndani ya glasi. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sahani ya samaki mkononi, na nilichokiona kilikuwa kaburi la Mama tu. Hilo ndilo tulilolitegemea wote, ndilo tuliloliona.

Siku za ziara zikaisha kwa mazungumzo ya salamu na hali ya hewa. Yaya alipoondoka nilimsindikiza hadi mpakani. Chupa zilizobaki alikwenda nazo, akasema atawagawia marafiki Bujumbura.

"Papa hayanisamehe juu ya Mama," alisema.

Nikamwambia ampe muda. Leo nikiyakumbuka maneno hayo nasikia uchungu mdomoni. Muda ndio kitu ambacho watu wa kwetu hatujawahi kuwa nacho cha kugawa.

Kisha vita vikarudi, hivi vya karibuni. Tulifunga milango Kasenga tukashuka kusini kando ya ziwa hadi Makobola, kwa shangazi yangu, dada yake Papa. Papa alikuwa tayari anavimba miguu, na safari ile haikumsaidia. Alishinda kwenye kiti mbele ya nyumba akikosoa namna majirani walivyopigilia misumari kwenye mitumbwi yao. Majirani walimvumilia. Mimi ilinichosha.

Alasiri moja shangazi alipata kasiksi kwa jirani. Akamimina kikombe, akapiga funda, akapangusa ukingo, akampa kaka yake. Papa akanywa, kisha akaninyooshea kidole.

"Unaona? Huyu ameonja. Yaya yako alinisimamia pale kama askari. Anafungulia pombe mu jikoni, kwenye sionaki, haonje, ananiambia ninywe kwanza. Mutoto yangu mwenyewe! Nilimukosea nini?"

Nilikuwa nachambua maharage. Nikayaacha.

"Papa, si ulikuwa na hasira juu ya Mama?"

"Mama yenu alikufa na ugonjwa. Yeye anaingia wapi mule?"

Sijui kama nilicheka au nililia kwanza. Nikamweleza kwa haraka, maneno yakigongana: kwamba yaya alikuwa amekaa mbali mno, kwamba kule kumngoja mtu anywe ndiyo adabu yenyewe, kwamba chupa zao zinafungwa hivyo kiwandani, kwamba mtoto wake amebeba miaka hii yote lawama ambayo hakuna aliyempa. Shangazi akashika kichwa. Papa akamaliza kasiksi yake taratibu, akakiweka kikombe chini.

"Kumbe alisahau tu," akasema.

Baadaye kidogo akaniita.

"Mupigie. Umwambie alete ingine. Minye nitakunywa, hata asipoonja."

Ili kumwelewa inabidi uwe umezaliwa kwetu. Mwanaume yule hakuwahi kunywa maji nyumbani kwa padri kabla padri hajanywa. Nikapanda mlima hadi mahali ambapo mtandao unashika, nikampigia yaya, nikamweleza yote. Akaniomba nirudie lile neno la mwisho la Papa, na nikalirudia.

Alikuja haraka kama mtu anavyoweza kuja kutoka Ujerumani. Alipofika Bujumbura akakuta mpaka umefungwa. Kutoka kule, hewa ikiwa safi, milima yetu inaonekana ng'ambo ya ziwa, unaweza hata kukisia ni wapi mji ulipo. "Niko naona Uvira," aliniambia nilipopanda mlima tena kumpigia. Papa kila asubuhi aliuliza kama njia imefunguliwa. Alimwambia shangazi amfulie shati jeupe, na likining'inia kwenye kamba alilitazama ili mbuzi wasilifikie. Tulimzika na shati hilo, palepale Makobola, mtoto wake akiwa ng'ambo ya maji.

Nimewalaumu watu wengi kwa ajili ya hilo. Nimewalaumu wenye bunduki, wa pande zote, na sitaacha. Lakini si wao walioibeba glasi ile kutoka jikoni, wala si wao waliotuziba midomo siku ile tuliyokuwa na amani, nyumba, na chupa nzima kwenye beseni. Amani tulikuwa nayo na tukaitumia kununa. Hilo ndilo ninalolijutia.

Mpaka ulipofunguliwa, yaya alikwenda kwanza kaburini, kisha tukarudi pamoja Kasenga. Nyumba ilikuwa imebebwa yote, milango na fremu za madirisha. Meza ya sebuleni ilikuwepo. Papa aliitengeneza kwa mbao nzito za mti wa libuyu, na wezi walikuwa wameivuta hadi kizingitini wakashindwa nayo. Tuliirudisha mahali pake kwa shida, tukaketi juu ya matofali.

Yaya akatoa chupa kwenye sweta. Safari hii aliiweka katikati ya meza, mbele ya macho yangu, akasukuma waya, kizibo kikaruka. Akaimimina. Kisha akainua glasi kuelekea mdomoni mwake ili aonje kwanza, kama Mama.

Nikamshika kifundo cha mkono.

"Lete, yaya. Usionje."

Akaniachia glasi. Nikanywa. Ilikuwa na ladha ya ganda la mkate uliokaa sana kwenye tanuri, tamu kidogo mwanzoni, na uchungu ulikuja mwisho, ukakaa. Ilikuwa nzuri. Afadhali ingekuwa mbaya.

"Papa angesema nini?" akaniuliza.

"Angesema iko chungu."

"Na kisha?"

"Angemaliza glasi, akuulize kama iko ingine."

"Iko," yaya akasema. Akaingiza mkono kwenye sanduku, akatoa chupa ya pili, akaiondoa sweta, akaiweka mezani upande aliokuwa akikaa Papa. Hatukuifungua.