Mto Ambao Haukuwepo

Nikandro hakuwa mtu wa kutulia. Kutwa alikwangua ngozi za kondoo katika ua wa hakimu mstaafu Sinadeno, pale Konstantinopoli, zipate kuandikiwa. Lakini kila alipomaliza moja aliinuka, akazunguka kisima, akarudi. Watumishi wenzake walimcheka. Mwenye kovu usidhani kapoa: miaka ishirini na miwili ilikuwa imepita tangu apigane vita vya mashariki.

Asubuhi moja hakimu aliwasomea wageni historia yake ya vita hivyo. Nikandro alisikiliza dirishani, kisu mkononi. Katika historia hiyo, jeshi likafika kwenye mto mpana. Askari wakanywa wakashiba. Mapigano yalipoanza, vijana wachache wa Kapadokia wakatoroka. Wageni wakashangilia. Nikandro damu ikamchemka.

Mto! Pale palikuwa mawe matupu. Evstratio, mdogo wake, alikuwa miongoni mwa vijana hao, nao waliondoka na viriba vikavu kutafuta maji. Hawakurudi. Kijijini mama yao alizomewa mpaka kufa kwake, eti mzaa mwoga. Sasa uongo ule ulikuwa umeandikwa kwenye ngozi, na ngozi hudumu.

Wageni walipoondoka aliingia bila kubisha hodi.

"Bwana, hapakuwa na mto."

"Ala! Leo mkwangua ngozi ananifundisha mimi? Watu wa kale wote, wakiandika vita, huweka mto. Nikiuacha, wasomi watasema sijasoma."

"Basi uweke, bwana wangu. Lakini usiseme walitoroka."

"Maji wanayo miguuni, wao wakaondoka. Walikwenda wapi? Sokoni?"

Nikandro aliizunguka meza mara mbili. Kurasa zilikuwa pale pale, na kukwangua ndiyo kazi aliyoijua. Angeweza kuzifuta zote. Lakini ngozi tupu isingemsafisha Evstratio.

"Haya, nani aliwatuma?" hakimu aliuliza, amekwisha kuchoka naye. "Nitajie mkubwa aliyetoa amri, niandike. Bila amri, hao ni watoro tu."

Swali hilo Nikandro alikuwa amelikimbia miaka yote. Kwa kuliogopa hakwenda hata kumzika mama.

"Mimi," alisema. "Nilikuwa mkuu wao, mkuu wa watu kumi. Jemadari alikataza mtu kuondoka. Kiu ikanishinda, bwana. Nikamwambia mdogo wangu Evstratio, nenda. Watu wa jemadari walipokuja kuniuliza, nikasema sijui walikokwenda."

Hakimu akachovya kalamu.

"Nitaufuta mto. Lakini na hilo nitaliandika, kwa jina lako. Watu watalisoma hata ukiwa kaburini. Umenielewa?"

"Andika."

Hakimu alipomaliza kuandika, Nikandro, asiyejua herufi hata moja, aliomba aonyeshwe jina la mdogo wake ni lipi na lake ni lipi. Yalikuwa kwenye mstari mmoja, wino ungali mbichi. Akalia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya bwana wake.