Povu na Jezi Isiyotakiwa Kufuliwa

Dobi wa mtaa ule watu walimwita Povu, na jina lilimkaa sawasawa. Miaka thelathini na moja mikono yake ilishinda ndani ya maji ya sabuni, mpaka alama za vidole zilikuwa zimefutika. Ukimpelekea shati lenye kutu au wino, hakuulizi limetoka wapi. Analigeuza, analinusa, anaguna kidogo, na kesho yake unalikuta kwenye kamba limetakata. Doa lilikuwa linamnyima raha. Harusini kwa binti yake mwenyewe alimvua mgeni rasmi koti kwa sababu ya tone la mchuzi, akaenda kulisugua bafuni, na hotuba ikasubiri.

Raga alikuwa haijui, wala hakujisumbua kuijua. Alisema mpira usiokuwa na hata adabu ya kuwa duara hauwezi kumfundisha mtu kitu. Lakini banda lake lilikuwa na televisheni na benchi refu, basi mashindano ya dunia yalipoanza, benchi likajaa. Alikuja mwalimu mstaafu na daftari lake la kuandikia kila kosa la refa. Alikuja mama wa cherehani kutoka mlango wa pili, aliyewatambua wachezaji kwa mapaja na hakuona haya kulisema. Na siku moja, timu yetu ilipovuka makundi, alikuja shemeji.

Huyu shemeji, kaka wa mke wa Povu, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, jitu la kifua kipana na kiburi kipana zaidi. Miaka minne nyuma, mezani kwa wakwe, mbele ya watu wazima, alisema dada yake kaolewa na mtu wa kufua chupi za watu. Povu aliweka kijiko chini, akatoka. Tangu siku hiyo shemeji akimwona upande huu wa barabara, anahamia upande ule. Kuomba radhi? Yule bwana hata akikukanyaga, atakuuliza mguu wako ulifuata nini pale.

Sasa televisheni ya shemeji ikaungua. Akaja mlangoni, akasimama kama anayemsubiri mtu, kisha akakaa pembeni kabisa mwa benchi. Robo fainali, kwa mara ya kwanza, akasema, "Shemeji, sogea kidogo." Povu akasogea. Jioni alimsimulia mkewe neno hilo mara tatu, na kila mara sauti ilimbadilika.

"Yakiisha mashindano je, ataendelea kuja?" aliuliza.

"Usimpe sababu ya kutokuja," mkewe akasema.

Na sababu yenyewe, jamani, ilikuja kuning'inia ukutani. Shemeji alikuwa na jezi ya timu aliyoweka nadhiri haitaguswa na maji mpaka kombe lije. Timu ilishinda mara ya kwanza akiwa ameivaa, ikashinda tena, basi imani ikamkolea. Jezi ilikuwa na masizi, jasho la wiki tano, grisi, na doa la nyanya lililokauka kifuani. Mke wa shemeji alimwambia achague, jezi ilale ndani au yeye. Kwa hiyo baada ya nusu fainali, tulipoponea chupuchupu, aliivua akaitundika kwenye msumari bandani kwa Povu. "Hapa ndipo penye heshima yake," akasema.

Jumatatu asubuhi Povu alikuwa na rundo la mashuka ya nyumba ya wageni. Aliloweka, akasugua, akasuuza, mawazo yake yako mbali, na mkono ukawa unaokota kila kilichochafuka kama ulivyozoea. Aliposimama kuanika, akakuta ameshika kitu chenye namba kumi na tatu mgongoni. Kinanukia limau. Doa la nyanya halipo. Grisi haipo. Kazi safi kabisa, na kwa nukta moja, Mungu amsamehe, aliifurahia. Kisha akakumbuka ni ya nani.

"Mwambie," mkewe alisema, huku akiziba mdomo asicheke.

"Nimwambie nini? Ndiyo kwanza kaanza kuniita shemeji. Tukifungwa atasema ni mimi, na hapa hatakanyaga tena mpaka nife."

Basi akaamua kuichafua upya, na hapo ndipo utajua kazi ni kazi. Mtu aliyetumia maisha yake kutoa doa, kulitia hajui. Siku nne alifulia akiwa ameivaa ili ipate jasho. Alipaka masizi ya sufuria, akaona yamekaa kama urembo, akayafuta, akapaka tena. Nyanya aliiponda kwa kidole, akarudi nyuma hatua mbili kutazama, akaongeza kidogo upande wa kulia. Ijumaa mkewe aliinusa akakunja uso, akasema sasa imeiva. Povu akaitundika kwenye msumari, akalala usingizi wa kwanza wa juma zima.

Jumamosi mchana, siku ya fainali, shemeji aliivaa bila neno. Povu alikaa nyuma ya meza ya pasi, akanyoosha foronya moja muda wote wa mchezo.

Mpaka dakika ya sabini na nane tulikuwa mbele kwa pointi moja, kumi na tisa kwa kumi na nane. Mwalimu alikuwa ameacha kuandika. Mama wa cherehani alikuwa ameshika sikio la mwalimu bila kujua, na mwalimu hakulalamika. Ndipo kijana wetu mmoja akaangushwa akiwa na mpira, na badala ya kuuachia chini kama sheria inavyotaka, akaukumbatia. Refa akapuliza. Penalti. Yule mpigaji wao mwembamba akautazama mpira, akatazama milingoti, akapiga, ukapita katikati, pointi tatu zao, na mambo yakaishia hapo.

Mwalimu akafunga daftari, akaanza upelelezi.

"Kuna mtu hapa kavunja mwiko," alisema. "Mimi nimekaa nafasi yangu ileile. Wewe mama?"

"Kitambaa kilekile, kiti kilekile. Hata chooni sijaenda, na unaona hali yangu."

Mwalimu akamgeukia shemeji, akavaa miwani. Aliitazama jezi kuanzia kola, akashuka. Masizi sawa, nyanya sawa. Kisha akashika mkono wa jezi kwa vidole viwili, akaufuata mstari ulioshuka kutoka begani hadi chini, umenyooka kama wa shati la afisa.

"Hii jezi ni chafu," mwalimu alisema polepole, "lakini imepigwa pasi."

Foronya ikaanza kunuka moshi. Povu alikumbuka sasa. Ijumaa, kabla ya kuitundika, mikono ilikuwa imeipitisha mezani yenyewe, pande zote mbili, na kola. Mama wa cherehani aligeuka akamtazama yeye. Mwalimu naye akageuka. Povu akafungua mdomo aseme.

"Nimeifua mimi," shemeji alisema.

"Wewe?"

"Mimi. Ilikuwa inaniwasha. Nikaifua, nikaipiga pasi. Kuna polisi hapa?"

Ee, alitukanwa siku hiyo. Mwalimu alimwita msaliti wa taifa, akasema miaka minne ijayo asithubutu kukaa benchi moja naye. Mama wa cherehani alimwambia hata mapaja ya wale vijana yamemlaani. Povu alipojaribu kusema, "Jamani, ukweli ni kwamba," kiatu kizito cha fundi vyuma kikatua juu ya kidole chake na kukaa hapohapo mpaka mwalimu na mama wa cherehani walipokwisha kuondoka.

"Ulijua lini?" Povu aliuliza, akishika mguu.

"Nilipoivaa tu. Jasho langu silijui?"

"Na hukusema."

Shemeji alitazama televisheni, ambako wale wengine walikuwa wanarushana na kombe. Shingo yake nene ilikuwa imeiva kwa haya.

"Siku ile mezani," alianza. Akaivuta kola ya jezi. "Lile neno lilinitoka vibaya. Miaka minne nalitafutia pa kulirudishia, sipaoni. Nimeona nibebe hili."

Machozi ya Povu yalikuwa karibu, na alijua yakitoka shemeji atakimbia, kwa hiyo akaizima pasi na kuikunja foronya iliyoungua mara nne, vizuri kabisa, kama vile mwenye nayo angefurahi kuipokea.

Shemeji akavua jezi, akaisukuma mezani. Kifua wazi, tumbo mbele, akaelekea mlangoni.

"Ifue sasa," alisema. "Naifuata Jumatano."

"Jumatano hakuna mechi, shemeji."

"Najua," akasema, akatoka hivyohivyo barabarani bila shati.