Mwanamke Anayefagia Msitu

Wifi yangu Eudocia Riffo hufagia msitu. Sisemi ua wala kibaraza, nasema msitu. Kabla hajawasha msumeno wake wa mashine, huvunja matawi ya kichaka cha maqui, huyafunga kwa kamba yakawa ufagio, kisha huinama na kuanza. Majani makavu, vijiti, nyasi, magome, vyote huondoka mpaka unabaki udongo mtupu pande zote za gogo, eneo pana kuliko nyumba yangu. Ndipo hukata kuni. Akihamia gogo lingine, hufagia upya.

Hapa kijijini El Radal kuni hukatwa kiangazi, maana zisipokauka kabla ya mvua za Mei, utapika kwenye moshi na kukohoa mpaka masika yapite. Na kiangazi ndicho kipindi ambacho cheche moja inatosha kumaliza kilima kizima. Jambo hilo kila mtu analijua. Lakini anayefagia ni yeye peke yake.

Wanaume walimcheka, nami nilicheka nao, maana mdomo ninao. Jirani yetu Heriberto Ulloa hakuweza kupita na farasi wake bila kusimama.

"Eudocia! Ukimaliza kufagia usisahau kupiga deki!"

"Nitapiga, Heriberto. Shuka unishikie ndoo."

"Na mapazia unatundika lini?"

"Siku utakayooga."

Aliyemuuliza kwa dhati alipewa jibu moja tu, na alilitoa huku akiendelea kufagia: "Nina mume asiyeweza kukimbia."

Mume huyo ni mdogo wangu, Nolberto. Nilimlea mimi, nikamfundisha kutembea kwa kushika mkia wa mbwa wetu. Alipokuwa kijana alikuwa fundi wa seng'enge; nusu ya nyua za vilima hivi alizifunga yeye, na kila waya aliumalizia kwa fundo lake mwenyewe, lililorudi nyuma na kujipita chini, ambalo hakuna mwingine aliyeliweza. Kisha siku moja mti ukamwangukia kiunoni, na tangu hapo miguu yake haina habari naye. Kitanda chake kiko dirishani, kinatazama mteremko. Chakula chake, safari zake na jua lake, vyote vinamjia kupitia dirisha hilo.

Kiangazi kilichofuata, mtu wa ng'ambo ya kijito aliweka msumeno wake wa mashine, ukiwa bado moto, juu ya nyasi ili autie petroli. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa na haraka tu. Kilima chote kiliwaka. Tulimpakia Nolberto kwenye mkokoteni wangu, lakini maksai walipouona moshi wakagoma. Eudocia alivua aproni, akamfunika mmoja macho, yule mwingine akamzibia kwa mikono yake, akawavuta hivyo hivyo kinyumenyume mpaka kijitoni. Tukakaa majini, tukikishikilia kichwa cha mdogo wangu juu ya maji, na majivu yakimwangukia usoni. Mimi niliogopa moto siku ile, lakini zaidi niliogopa macho yake, kwa sababu alikuwa anatuomba msamaha.

Baada ya hapo ndipo wifi alipoanza kufagia.

Wala si kufagia tu. Kabla ya kazi husafisha kwa mswaki kile kichujio kidogo kwenye bomba la moshi la mashine, kisije kikatema makaa. Mnyororo huunoa mpaka utoe chembe nene. Ukianza kutoa unga, husimama, maana mnyororo butu hutoa moshi. Hatii petroli kwenye mashine iliyo moto. Huiweka kwenye udongo mtupu, anakaa, tunakunywa yerba, chai yetu ya majani machungu, kwa mrija mmoja, na mimi nikiuliza kama mashine imepoa anasema bado. Akishajaza, huihamisha kando kabla ya kuiwasha. Bomba la mgongoni, lile la kupulizia viazi dawa, hukaa karibu limejaa maji. Na kazi ikiisha haondoki. Anakaa kwenye gogo akitazama mahali alipokata, ananusa, anagusa udongo, mpaka mimi na maksai wangu tunataka kulia.

"Wifi," nilikuwa nikimwambia, "unamkalia nani matanga? Vumbi la mbao?"

"Nenda zako ukitaka. Ng'ombe wanajua njia kuliko wewe."

Lakini jambo lililokuwa likinifunga mdomo ni lile la alfajiri. Kila siku ya kiangazi, kabla ya kugusa mashine, Eudocia huchuma konzi ya nyasi mteremkoni, huingia nazo chumbani, akazisugua sikioni mwa mumewe. Nolberto hufumba macho na kusikiliza kama zimekauka. Akisema "Zimenyamaza," mashine itafanya kazi mpaka jua ligonge paa la zizi. Akisema "Zinaongea," basi siku hiyo ni ya msumeno wa mkono, ule wa watu wawili, na mtu wa pili ni mimi. Nimewahi kumwomba mdogo wangu aseme zimenyamaza, angalau kwa heshima ya mgongo wa dada yake. Alinijibu, "Dada, sikio hili ndilo kiungo pekee kinachoniletea mshahara." Hakukosea hata mara moja. Na nilipowaona wawili hao hivyo, mmoja ameinama, mwingine amefumba macho, nyasi katikati yao, nilitoka nje polepole. Sijui niite nini nilichokihisi. Kanisani sijawahi kukihisi, na padri anisamehe.

Sasa mwaka huu. Dhoruba ya majira ya baridi ilikuwa imeuangusha mwaloni mkubwa mteremkoni, juu tu ya nyumba yao. Ulilala pale ukikauka, kuni za mwaka mzima, na Februari Eudocia akaamua kuukata. Asubuhi hiyo kulikuwa na umande kidogo. Nyasi zilinyamaza, Nolberto akasema hivyo, nami nikafurahi kwa ajili ya mgongo wangu. Nikapanda na maksai, wifi akafagia, tukaanza.

Matawi yaliisha upesi. Kisha akaanza shina, akielekea kisiki, na mimi nikivingirisha vipande kando. Jua likapanda. Upepo wa puelche, ule mkavu unaoshuka kutoka milima ya mashariki, ukaanza mapema kuliko kawaida. Nikamwona wifi akinyoosha shingo, akitazama paa la zizi. Akanionyesha kidole: kipande kimoja tu, halafu basi.

Nilikuwa nimegeuka kumtuliza maksai wa kushoto nilipoona kitu cheupe katikati ya nyasi ndefu, chini yetu, kikisogea. Nikadhani kondoo. Nikasema moyoni, huyu kondoo ana ugonjwa gani, mbona anajikokota? Kisha kondoo akainua uso, na alikuwa Nolberto.

Alikuwa amevaa shati la kulalia. Anatupa viwiko mbele, anajivuta, miguu ikifuata nyuma ikiwa haina kazi. Kutoka mlangoni kwao mpaka pale ni mteremko ambao mimi mwenye miguu yangu miwili huupanda kwa kupumzika. Mdomo wake ulikuwa wazi, anapiga kelele, lakini mashine ilikuwa ikinguruma na sikusikia kitu. Nilimjua mdogo wangu tangu siku aliyozaliwa, na pale nikaona kwamba sikumjua. Nilisimama na kamba ya maksai mkononi, nikamtazama tu, nikiwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuita.

"Wifi!" nikasema mwishowe. Naye amenipa mgongo, masikio ameziba kwa pamba.

Mnyororo uligonga chuma.

Sijawahi kuona cheche nyingi hivyo mchana kweupe. Zilimwagika kutoka ndani ya mti kana kwamba mti wenyewe ulikuwa tanuri, zikaanguka kulia na kushoto, kwenye udongo mtupu, zikazima. Zote. Niliziona zikifa moja moja pale alipofagia, hazina cha kula. Mnyororo ukakatika. Kipande chake, chekundu, kikaruka juu ya kichwa changu, kikapita mpaka wa udongo, kikaangukia kwenye nyasi upande wa chini.

Moshi ukatoka papo hapo. Kisha ulimi wa moto, mdogo, wa kimo cha kiganja, na puelche ikaushika.

Eudocia alikuwa amezima mashine na kulirukia bomba la maji, lakini bomba lilikuwa upande wa pili wa gogo. Mimi nilikuwa na maksai waliotaka kukimbia. Aliyekuwa karibu na moto ule alikuwa mmoja tu, tayari yuko chini, uso kwa uso nao. Nolberto hakusita. Alijivuta mara moja zaidi, akalala juu yake kifudifudi, kifua chote, akakumbata nyasi kwa mikono miwili kama mtu anayemzuia kuku.

Wifi alifika na bomba, akampulizia maji. Akapuliza nyasi, akapuliza mgongo wake, kichwa chake, akampindua, akapuliza kifua. Moto ulikuwa umekwisha zamani, na yeye bado anapampu huku akilia, mpaka mdogo wangu alipotema maji na kusema:

"Basi, bibie! Utaniua kwa maji baada ya moto kunikosa?"

"Nani alikutoa kitandani? Nani?"

"Na wewe nani alikutuma ukate geti langu?"

Hatukumwelewa. Akaonyesha kwa kidevu. Karibu na kisiki, pale matawi yalipokuwa yameziba, kulikuwa na mawe mawili makubwa yamesimama sambamba. Alipokuwa kijana, kabla hajaoa, uzio ulipita pale, na kati ya mawe yale palikuwa na geti.

"Niliona uvivu kukata nguzo," akasema. "Mwaloni ulikuwepo, mwembamba, nikafunga seng'enge palepale kwenye shina. Mti umeendelea kunenepa, umeimeza. Mimi nimesahau. Leo ulipoondoa matawi nikayaona mawe. Nikaita. Nikapiga sufuria kwa kijiko. Mkaniacha niimbe peke yangu."

Eudocia alipiga kabari kwenye kile kipande mpaka kikapasuka. Ndani kabisa, kwenye moyo wa mti, ulikuwepo waya, na mbao zilizouzunguka zilikuwa zimegeuka bluu iliyoiva, karibu nyeusi. Mwisho wa waya ulikuwa na fundo, limerudi nyuma na kujipita chini. Tulilitazama wote watatu. Mkono wa ujana wa Nolberto ulikuwa umekaa gizani mle miaka yote, akiwa mzima, akiwa anaumwa, akiwa anasikiliza nyasi za alfajiri.

Tulimshusha kwa mkokoteni. Kifuani alikuwa na jeraha la moto la ukubwa wa sahani ya kikombe, na viwiko havikuwa na ngozi. Wifi alimfunga majani ya matico, dawa ya vidonda, akamtukana mpaka akachoka, kisha akamkorogea unga wa ngano ya kukaanga kwa maji baridi na kumnywesha mwenyewe, ingawa mgonjwa aliweza kushika kikombe.

Habari zilienea. Heriberto akaja, na kwa mara ya kwanza akashuka kwenye farasi. Kutoka mlangoni mpaka juu kwenye gogo kulikuwa na mstari, nyasi zimelala, hapa na pale tone la damu kwenye jiwe. Mstari haukukatika popote. Alivua kofia akaufuata kwa miguu mpaka juu, akakuta ile alama nyeusi ndogo kwenye nyasi, na hatua chache tu kutoka hapo udongo uliofagiwa wenye vidoa vya cheche. Alirudi kofia ingali mkononi. Heriberto huyo.

Siku zilizofuata nyasi ziliongea kila alfajiri, tukakata kwa mkono. Asubuhi moja nilifika na maksai nikamkuta wifi ameshaanza kufagia, lakini si kwenye gogo. Alikuwa mlangoni kwake. Alifagia mstari ule ule, akipanda nao, akiondoa nyasi na miiba na kokoto zenye ncha, akaacha udongo laini upana wa mtu aliyelala. Alikuwa amefika nusu ya mteremko. Ufagio wa pili ulikuwa umeegemezwa ukutani, na sikuhitaji kuuliza ulikuwa wa nani.

Heriberto akapita, akasimama kwa mazoea.

"Eudocia, sasa unafagia nini huku? Huku hakuna gogo."

Hakuacha kufagia.

"Nina mume anayekuja," akasema.

Nikafunga maksai, nikachukua ufagio wangu, nikaanzia mlangoni kurekebisha pale alipoacha vijiti. Dirishani Nolberto alikuwa anatutazama, ameshavaa shati la kazi.